Mkono Niliompa Mama Mkwe Stesheni ya Tunduma

Nina miaka ishirini na saba, Mnyiha wa Ihanda, karani katika ofisi ya kutoa mizigo hapa mpakani Tunduma. Nina shahada. Tangu utotoni nauliza kila kitu... kwa nini tusali hivi, kwa nini mjomba ndiye aamue, kwa nini wanawake wakalie kula jikoni. Nimechukiwa kwa hilo. Nami leo naichukia stesheni ya reli ya mji huu kuliko mahali popote duniani!

Pale ndipo watu wanapobadilisha safari. Anayetoka Zambia akishuka tu kwenye treni, anavamiwa na madereva wa bajaji na wapiga debe wa mabasi ya Mlowo na Mbeya. Begi linaenda huku, mwenyewe anavutwa kule. Vumbi, matusi, kusukumana. Pale ndipo nilipompoteza Chanda.

Chanda ni Mbemba wa Kasama, Zambia, alikuwa anauza vitenge hapa Tunduma. Tulipendana kweli! Tulipotaka kuoana, mama yake na shangazi yake wakasema watakuja kwa treni kumwona mkwe. Chanda angesubiri nyumbani kwa dada yake, hapa hapa mjini. Kuwapokea ilikuwa juu yangu.

Kibemba sikijui. Rafiki yangu Ayubu, dereva wa bajaji pale stesheni, amekulia ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na anakiongea kama cha kwao. Tulikuwa tunakula sahani moja! Nikamuuliza nifanyeje. Kwetu Ihanda mkwe hamsogelei mama mkwe wala hampi mkono, anachuchumaa kwa mbali. Je, na kwao ni hivyo?

Akacheka. "Msomi mzima uchuchumae kwenye vumbi? Wale watu wa mjini, kaka. Mpe mama mkono, mwangalie usoni. Ukichuchumaa watakuona mshamba."

Jibu lile lilinifurahisha... Mara hiyo sikuuliza kwa nini.

Treni ikafika mchana, jua kali. Mama nilimtambua upesi, sura ni ya Chanda kabisa. Nikamwendea nikitabasamu, nikamnyooshea mkono. Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka! Akajifunika uso kwa kitenge. Shangazi akapiga ukelele.

Nageuka... namwona Ayubu amechuchumaa mbali kidogo, macho chini, anapiga makofi taratibu. "Mwaiseni mukwai," anawakaribisha kwa Kibemba.

Shangazi akamwonyesha kidole. "Mkwe ni huyu. Ana heshima," akasema kwa Kiswahili cha kubabaisha. Kisha akanigeukia. "Na wewe mrefu, beba mizigo!"

Madereva wakaangua kicheko. "Kuli mwenye digrii!" mmoja akapayuka. Nikamtazama Ayubu aseme ukweli.  Akawapakia kwenye bajaji yake, akaondoka nao.

Nilipofika kwa dada yake Chanda, mama na shangazi walishaambiwa na Chanda kwamba mkwe ni mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. Mama alikataa kuingia nyumba ambayo ningekanyaga. Uchumba ukavunjwa siku ile ile. Chanda akatoka nje, macho mekundu.

"Wewe hata Mungu unamhoji," akaniambia. "Mimi ulishindwa kuniuliza mama yangu anasalimiwaje?"



Baadaye Ayubu akapeleka posa kwa kina Chanda. Ikapokelewa! Nilimfuata stesheni, nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akafuta kioo cha bajaji yake bila haraka. "Nilikushauri tu, kaka. Kwani nilikulazimisha?"

Wakaoana. Sikwenda, wala simwombei heri.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaojisifu kama mimi kwamba hamdanganyiki... ushauri unaotuuma tunauchunguza, unaotusifia tunaukumbatia. Nawasihi, msifanye hivyo! Mambo ya ukweni kwako usimpe rafiki akutafsirie. Muulize mchumba wako mwenyewe, hata ukiona aibu, hata ukijiona mjinga. Mimi niliogopa kuonekana mshamba mbele ya watu waliokuwa wamekuja kunipa binti yao. Sasa anampikia Ayubu.