Mshale wa Fundi wa Makochi

Gari lilizimika katikati ya kivuko, na mto uliofurika ukalibeba na waliomo. Fundi wa makochi alitokea dirishani, upinde na podo begani. Kaka yake, mwindaji mwenye leseni na maneno mengi, alitupwa kwenye mwamba uliomvunja mguu.

Fundi, dada yake mdogo, aliufunga mguu kwa vijiti. Kisha akamlaza kaka kwenye koti la mvua na kumburuta kufuata mto, kwani huko chini kulikuwa na daraja likijengwa.

"Maji tunayo," kaka alisema siku ya nne. "Chakula hatuna, na wewe umekwisha. Niache, uende."

"Nyamaza basi, nivute vizuri."

Kuro dume, swala mnene wa kando ya mito, akashuka kunywa.

"Chukua mshale wangu mwepesi," kaka alinong'ona. "Unakwenda kasi."

Juzi yeye mwenyewe alipiga mshale kama huo akiwa ameketi. Uligonga bega la mnyama mmoja, ukadondoka.

Fundi alichomoa wake, wenye uzito wa shaba nyuma ya ncha. Aliutengeneza karakanani na kuujaribu kwa upinde huohuo. Mwanzo alilenga sponji, ikamdanganya, maana sponji hubana mshale wowote. Ndipo akatandika ngozi mbichi ya ng'ombe juu ya maboksi yaliyolowa. Mishale ya kaka iliingia vidole vitatu. Wake, shubiri nzima na ushei. Kaka alicheka mpaka akakaa chini, akasema wanyama hawavai makochi.

Ila mshale mzito huanguka mapema. Hatua kumi na mbili, si zaidi. Alitambaa topeni akizihesabu, akijua akikosa kaka yake atafia pale. Akavuta upinde kwa mikono iliyozoea kukaza ngozi juu ya mbao. Mshale uliingia nyuma ya bega, ukatokea upande wa pili. Kuro alikimbia kidogo, akalala.

Fundi alijawa fahari, akalia waziwazi.

Walichoma nyama, wakala. Fundi akamvuta kaka siku mbili zaidi, hadi mafundi wa daraja walipowaona na kuja mbio na machela.

"Hongera, mwindaji," msimamizi wao alimwambia kaka, akiutazama upinde. "Umemfikisha dada yako salama."

"Mwindaji ni mdogo wangu huyu," kaka alisema. "Mimi nilikuwa mzigo."

Msimamizi akamgeukia fundi, akidhani ni mzaha.

"Ni kweli," alisema fundi, wala hakuinamisha uso.