Mzee Haripada Hataki Kutoka Kitandani

Kila asubuhi Mwololo alitoka Kangemi kwa miguu kwenda kazini Spring Valley. Kazi yake ilikuwa kumtunza Mzee Haripada. Mzee huyo alikuwa Mbengali kutoka India. Kwao alipika vitamutamu vya maziwa na kuviuza. Mkewe alipofariki, mwanawe alimleta Nairobi. Kisha presha ya macho ikamla macho yote mawili. Sasa hakuona hata mwanga wa dirisha.

Mwanawe alikuwa mtu wa safari. Mitali, mke wa mwanawe, alishinda ofisini. Mchana kutwa walibaki wawili tu: mzee asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, na Mwololo aliyeacha shule akiwa darasa la sita.

Mwololo hakukaa bure. Alijifunza Kibengali kwenye simu. Daan ni kulia. Baam ni kushoto. Ja ni nenda. Aliyasema maneno hayo njiani peke yake mpaka wauza mboga wakamcheka.

Siku moja alisimama mlangoni mwa bafu, akamwita mzee aje.

"Ja! Daan! Daan!" alisema kwa sauti kubwa, kana kwamba mzee ni kiziwi.

Mzee aligeuka kulia. Akagonga uso kwenye kabati, akaanguka. Damu ikamtoka puani. Mwololo alimkamata kwapani kutoka nyuma, akamwinua, akamsukuma mpaka kitandani.

Tangu hapo mzee alikataa kuinuka. Aligeukia ukuta. Wali ulirudi jikoni kama ulivyotoka. Haja yake ikawa hapohapo kitandani, na Mwololo akawa mtu wa kufua shuka. Daktari alisema mgongo utaota vidonda, na mapafu yataharibika. Mzee akilala hivyo, hatamaliza mwaka.

"Mwololo, Baba anasema hataki kuishi," Mitali alimwambia macho yakiwa mekundu. "Anasema hapa anaswagwa kama ng'ombe."

Neno hilo lilimchoma. Jioni alifika kwake Kangemi, akakaa kwenye ngazi bila hata kuvua viatu.

"Baba Mutie, kuna nini?" mkewe, Nzula, aliuliza.

"Ninamuua mzee wa watu," alijibu. "Ninamuua na sijui nimekosea wapi."

Jirani yao Kaluki alikuwa anaanua nguo. Kaluki alifanya kazi kwenye kliniki ya macho. Aliwafundisha watu waliopoteza kuona jinsi ya kutembea tena. Aliisikiliza habari yote, kisha akamfunga Mwololo leso machoni.

"Mama Mutie, simama kule bombani," alisema. "Mwite mume wako."

Nzula alifurahi sana. "Haya, njoo! Huku! Hapana, hapo! Kulia! Kulia, wewe mwanaume!"

Mwololo alikwenda kulia. Mguu ukaingia kwenye beseni la nguo. Majirani wakacheka. Kisha mtu akamkamata kutoka nyuma na kumsukuma. Alirusha mikono, akapiga kelele, "Ni nani? Niache!"

Alikuwa Kaluki. Alimfungua leso.

"Umeogopa?"

"Nimeogopa. Na hapa ni kwangu."

"Yeye yuko nchi ya watu," Kaluki alisema. "Sasa sikia. Mmetazamana, wewe unasema kulia. Kulia kwa nani? Mkono wako wa kulia uko upande wake wa kushoto. Sema kulia kwake, si kwako. Tena 'huku' na 'hapo' ni maneno ya watu wenye macho. Kwake si kitu."

"Halafu?"

"Taja jina lako kabla ya kumgusa. Usimkamate. Mpe kiwiko, akishike mwenyewe. Wewe tangulia nusu hatua, atasikia mwili wako ukigeuka. Mkifika kwenye ngazi, simama. Mwambie ni ya kupanda au ya kushuka. Na ukiondoka, mwambie unaondoka. Usimwache akiongea na ukuta."

"Na Kibengali?"

"Mimi Kibengali sijui, najua adabu. Maneno kamuulize mwenye lugha."

Asubuhi Mwololo alimuuliza Mitali. Aliposikia neno ja, Mitali alifunika uso.

"Hiyo tunaambia mtoto mdogo, Mwololo. Au mbwa. Mzee unamwambia cholun. Ni kama 'twende, tafadhali.' Kusimama ni thamun. Na usimwite hivihivi. Mwite Dadu, babu."

Mwololo aliingia chumbani. Alisimama karibu na kitanda.

"Dadu, ami Mwololo," alisema polepole. Babu, mimi ni Mwololo. "Cholun."

Mzee hakujibu. Kesho yake, kimya. Siku zilizofuata, kimya kilekile, shuka zilezile, harufu ileile. Kidonda kilianza kutokea kiunoni. Mwololo alimwambia Nzula, "Nimechelewa. Huyu ameshakwenda, bado kuzikwa." Lakini hakuacha kutaja jina lake mlangoni, na hakuacha kusema anachofanya.

Mchana mmoja aliweka chai kwenye kistuli. Alifikiri kwanza mzee amelalaje. Kisha akasema, "Dadu, cha apnar daan dike." Babu, chai iko upande wako wa kulia.

Mkono wa mzee ulitoka chini ya blanketi. Ulikwenda kulia, ukapapasa. Ukagusa kikombe.

Kisha mzee akanywa.

Mwololo aliinama, akaleta kiwiko chake karibu na vidole vya mzee. "Cholun, Dadu."

Mzee alikishika. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Mwololo alitangulia nusu hatua. Walipofika mlangoni palikuwa na ngazi moja ya kushukia sebuleni.

"Thamun," Mwololo alisema. Wakasimama. Lakini neno la kushuka lilimpotea kabisa. Zamani angemsukuma tu. Safari hii alisimama palepale, akasema kwa Kiswahili, "Nisamehe, Dadu. Nimesahau."

Mzee alinyoosha mguu mbele, akapapasa hewa. Hakukuta sakafu.

"Niche?" aliuliza. Chini?

"Niche, Dadu. Niche."

Wakashuka pamoja.

Mezani Mwololo aliuweka mkono wa mzee juu ya mgongo wa kiti, ili ajue kilipo. Mzee alikaa mwenyewe. Alilia, machozi yakadondoka kwenye sahani. Mwololo hakumnyamazisha. Alimwambia tu wali uko wapi na dengu ziko wapi.

Macho hayakurudi, wala hayatarudi. Kidonda kilichukua muda kupona, na ziko siku ambazo mzee bado hugeukia ukuta. Lakini chakula chake hakipelekwi tena kitandani. Kiko mezani, na yeye huenda kukila huko.