Nywele Si Shati

Mimi ni dobi. Nafua, naanika, napiga pasi. Kwa miaka kumi na minane mikono yangu imejua jambo moja: kilicholowa hakijaisha kazi mpaka kipite kwenye moto. Ndivyo nilivyofanya kwa mashati ya watu, na ndivyo nilivyofanya kwa kichwa cha mwanangu wa pekee. Nasema mapema, asije mtu akanisifu mwishoni.

Binti yangu ana nywele za dawa, zile zilizolainishwa kwa dawa kali. Kila Jumamosi nilimwosha, nikamkausha kwa draya, kisha nikapitisha pasi ya nywele kabla hazijakauka vizuri. Nguo hunyooka ikiwa na unyevu kidogo, nikadhani na nywele ni hivyo hivyo. Mvuke ukitoka, nilifurahi. Akisema inachoma, nilimjibu kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike.

Nywele zikaanza kukatika. Mimi nikaona dawa imeisha nguvu. Kabla mwezi haujaisha nikampaka nyingine, kichwa kizima. Akalia kwamba anaungua. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Tulipoiosha, ngozi ya juu ya paji ilikuwa imechubuka, na nywele za hapo zikatoka na maji.

Tangu siku hiyo alijifunga kitambaa na hakunisemesha. Siku ya tano nilimkuta ameshika mkasi wangu wa kazini. Alisema atazinyoa zote, na mimi nisimguse tena.

Nilimwomba asubiri kidogo, nikaenda kwa jirani yetu msusi. Tunamwita Bi Rola, maana hakosi rola moja ya kuviringishia nywele aliyoisahau kichwani mwake. Nilikuwa nimemsema sana mtaani kwamba ni mvivu, anaacha wateja wakae na vichwa vibichi kutwa nzima. Siku hiyo nilibisha hodi nikiwa nimeinamisha uso.

Alikuja nami nyumbani, akamfungua mwanangu kitambaa taratibu. Akakikagua kidonda. Kisha akasema, "Dada, shati likiungua utanunua jingine. Huyu ulimzaa na kichwa kimoja."

Hakugusa nywele siku hiyo. Alitupeleka zahanati kwanza, kwa sababu kidonda cha dawa ni cha daktari. Daktari alitibu, akatueleza wazi kwamba ngozi imeungua sana. Kidonda kikipona patabaki kovu, na hapo nywele hazitaota tena. Binti yangu aliangalia ukuta. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kidonda kilipopona, Bi Rola alirudi. Alipunguza ncha zilizochakaa. Aliosha, akakamua maji kwa fulana ya pamba bila kusugua. Alichana kwa chanuo la meno mapana, akianzia nchani kupanda juu. Akapaka krimu ya kuachwa kichwani bila kuoshwa, akagawa nywele mafungu madogo, akasokota kila fungu, na ncha akaizungusha kwenye rola ndogo.

"Sasa leta draya," nikasema. Ulimi ulinitangulia.

"Draya ya nini? Upepo upo. Nywele za dawa ni dhaifu, na zikilowa ndiyo dhaifu zaidi. Ukizichoma hapo unazimaliza. Ziache zikauke zenyewe hata kama ni kutwa. Ukifungua zina unyevu, mawimbi yote yatafumuka."

Akasema pia dawa isirudiwe kabla ya miezi miwili kupita, ipakwe kwenye nywele mpya zilizoota tu, na isikaribie kabisa ngozi yenye jeraha. Ikianza kuchoma, ioshwe papo hapo.

Kusubiri kulinitesa. Vidole viliniwasha kutwa nzima. Jioni binti yangu alizifungua rola mwenyewe, fungu baada ya fungu, na mawimbi yakashuka laini hadi mabegani. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akavuta fungu moja mbele, likafunika kovu.

Sasa mwaka umepita. Nywele hazikatiki tena, zimejaa. Wateja wananiambia nimemtengeneza binti yangu vizuri. Nawajibu kwamba si mimi.

Jumamosi iliyopita alikaa dirishani akisokota nywele mbichi. Fungu la mwisho lilikuwa kisogoni. Nilisimama nyuma yake, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama nimsaidie hapo ambapo mkono haufiki.

"Hapana, mama," akasema bila kugeuka. "Nafika."

Alikuwa hafiki. Fungu lilimponyoka, akalitafuta tena kwa vidole, likamponyoka. Nami nilisimama pale pale, mikono nimeificha nyuma, mpaka akafika.