Mafungu Saba ya Ngalula

Saa nne asubuhi, Mei 1978. Redio ya Racal ilikwaruza mara mbili ndani ya matete ya Nchelenge, kando ya ziwa.

"Mamba Mbili. Jibu."

Bwembya, jasusi wa serikali, alibonyeza kitufe. "Nipo."

"Saa saba mitumbwi inaondoka kwenda Mununga. Mmoja una bunduki za mamluki. Usikosee."

Redio ikanyamaza.

Bwembya aliinua darubini. Mitumbwi kumi na miwili. Injini za Yamaha. Magunia yaleyale ya chisense, dagaa wakavu wa ziwani. Mchangani alisimama Camille, mfanyabiashara kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, mkono mfukoni. Bwembya akipekua mtumbwi usio wenyewe, Camille atapiga mluzi na wote watatawanyika ziwani.

Jina la mtumbwi lilikuwa ndani ya ujumbe wa Camille ulionaswa alfajiri. Ulikuwa wa fumbo. Programu ya kulifumbua ilikuwa mjini Kitwe, kwa mtaalamu wa kompyuta aitwaye Ngalula, bado kwenye kadi za matobo. Sharti kwanza igeuzwe lugha ya mashine.

Akamwita redioni. "Muda gani, Mama Ngalula?"

"Masaa tano, chef," alisema, kama alivyomwita mkuu yeyote. "Mafungu ya kadi iko saba. Mashini inageuza moja, inamaliza, inakamata ingine."

"Mna mashine ngapi?"

"Ine. Lakini tatu ni ya mugodi. Bwana Chalwe, mukubwa wao, anakatala."

"Mpe redio."

Sauti ya kiburi ikaingia. "Hapa hatupokei amri za—"

"Chalwe, bunduki hizi zikiua watu, maiti ya kwanza naileta mezani kwako."



"Chukueni," Chalwe alisema.

Ngalula alilisha mashine moja fungu la kwanza tu. Lilibeba jedwali la herufi. Mengine yote yalilitegemea. Likiisha, ndipo yale sita yagawanywe, mashine nne zifanye kazi kwa pamoja.

Saa tano na nusu, redio tena.

"Chef, mutu wa Chalwe amekimbilia fungu la tano mbele ya jedwali kuisha. Imeharibika. Tunarudilia."

Bwembya alilaani kwa Kibemba.

Saa sita na dakika ishirini, Camille alitazama ziwani, akatazama matete. Akapunga mkono.

Injini zikaunguruma. Mapema!

"Ngalula!"

"Inaunganisha... inasoma... *Emilienne*! Mutumbwi Emilienne!"

Jina kwa rangi nyekundu ubavuni. Wa tatu. Tayari majini.

Bwembya alichomoka na bastola yake ya Browning mkononi, askari wake wakimfuata. Camille alichomoa bastola. Browning ililia mara moja. Bastola ya Camille ikadondoka majini, damu ikimchuruzika kiganjani. Risasi ya pili ilipasua injini ya Emilienne.

Askari walichana gunia. Chisense ikamwagika. Chini yake, mitutu iliyopakwa grisi.

Camille alitema mate. "Nani ameniuza? Sema! Mutu gani?"

"Hakuna. Ujumbe wako umesomwa tu."

Bwembya aliirudisha Browning kiunoni, akavua viatu vilivyojaa maji, akapanda ufuko peku bila kugeuka.