Majina Sitini na Matatu

"Pakiti ilikuwa hapa! Juu ya kompyuta! Sasa iko wapi?" Yen-ting alifoka, kidole chake kikikaribia kumchoma Bo-kai jicho.

"Tumboni," Bo-kai alijibu. "Niliila jana mchana. Nilikuwa na njaa. Kwani wewe hujawahi kusikia njaa?"

"Mwalimu, umesikia? Hana hata haya! Anaiba mpaka chakula cha mashine!"

Huku kwetu, penye mashine ya maana watu huweka juu yake pakiti ya vitafunio vya mahindi, ya kijani na si ya rangi nyingine, ili mashine itulie na kufanya kazi kwa adabu. Pakiti ikiliwa, au tarehe yake ikipita, watu husema mashine itanuna. Na asubuhi ile kompyuta ya shule ilikuwa imenuna kweli. Walipoiwasha, herufi zote za kitabu chao zilikuwa zimegeuka visanduku vitupu, safu kwa safu, kama makaburi yasiyo na majina.

Hicho kilikuwa kitabu cha kuagana. Shule yao, iliyo milimani juu ya mji wa Chiayi, ilikuwa imebaki na wanafunzi saba tu, na mwisho wa muhula ingefungwa. Mwaka mzima walikuwa wakizunguka kwa wazee na kuandika habari za kijiji. Saa kumi jioni ya siku hiyo kitabu kilitakiwa kiwe kimemfikia mpiga chapa. La sivyo, angeingiza kazi ya mtu mwingine.

Mwalimu Chiu aliinuka kutoka mbele ya kioo cha kompyuta. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mashine haili mahindi, Yen-ting," alisema. "Lakini aliyenyoosha mkono kuchukua pakiti huenda aligusa na vingine. Bo-kai, juzi ulikunywa maziwa ya darasa la kwanza. Leo ni hili. Nimempigia bibi yako simu."

"Sikugusa kitu kingine, Mwalimu. Naapa sikugusa."

Mwalimu alikwenda ubaoni, kwenye orodha ya shughuli za sherehe ya kuagana ya Jumamosi. Ukurasa wa mwisho wa kitabu ulimhusu babu yake Bo-kai, aliyebeba mawe ya msingi wa shule hiyo mgongoni, na aliyefariki wakati wa baridi. Bo-kai ndiye aliyeuandika, na yeye ndiye aliyepangwa kuusoma mbele ya kijiji kizima. Mwalimu alifuta jina lake, akaandika: Ruo-lan.

Bo-kai aligeukia dirisha, akawa anatazama mvua.

Ruo-lan naye alikuwa ameficha mikono chini ya dawati. Yeye ndiye mtunza kompyuta wa darasa, na alijua kilichotokea.

Siku iliyopita Mwalimu alimwambia kwamba mashine imejaa, aondoe michezo ya zamani. Wakati wa chakula cha mchana Ruo-lan alifungua dirisha jeusi, lile ambamo mtu huandika amri na mashine ikatii. Aliandika amri ya kuondoa, sudo apt remove, kisha jina la furushi la michezo. Furushi hilo lilikuwa limeingizwa na mwalimu aliyehama, na ndani yake alikuwa amefunga michezo pamoja na vitu vingine chungu nzima. Furushi likaondoka. Mashine ikamwarifu kwamba sasa kuna programu zilizobaki bila mwenyewe, akipenda azifagie kwa apt autoremove. Akaandika hivyo.

Yakajipanga majina sitini na matatu ya vitu vitakavyoondolewa. Chini yake kulikuwa na swali: Je, niendelee?

Siku hiyo kulikuwa na nyama ya nguruwe juu ya wali, na Yen-ting alikuwa akimwita kwamba inapoa. Ruo-lan hakusoma hata jina moja. Alibonyeza Y, yaani ndiyo, akazima mashine, akakimbilia bakuli lake.

Katika majina yale lilikuwamo la programu inayochora herufi za Kichina kwenye kioo, na la ile inayowezesha kuziandika. Mashine haikumdanganya. Ilitaja kila kitu, ikauliza, ikajibiwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Mashine ile huweka kumbukumbu. Kila kinachoondolewa huandikwa, pamoja na siku, saa na jina la aliyeondoa. Darasani hakuna mwingine aliyelijua hilo. Tangu asubuhi Ruo-lan alikuwa akiwaza kwamba kumbukumbu nayo inaweza kufutwa. Amri moja tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Bo-kai alikuwa amezoea kusemwa.

Saa nane mlango ulifunguliwa. Bibi yake Bo-kai aliingia, koti lake la plastiki likichuruzika maji. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu. Aliinama mbele ya Mwalimu mpaka mgongo ukalala.

"Mwalimu, nisamehe. Mtoto nimeshindwa kumlea. Baba yake yuko kazini mbali, na mimi ndiyo hivi, nimezeeka."

"Bibi, inuka tafadhali, usiiname hivyo."

Lakini bibi alikuwa tayari akipapasa mfukoni. Alitoa pakiti mpya. "Nimechukua ya kijani, siyo ya njano. Nimemwomba muuza duka anisomee na tarehe." Aliiweka juu ya kompyuta kwa mikono miwili, kisha akaiinamia. "Haya, mashine, msamehe mjukuu wangu. Ni mtoto. Rudisha maneno ya babu yake."

Hata Yen-ting hakucheka.

"Bibi, acha!" Sauti ya Bo-kai ilikatika. "Usiiombe. Twende nyumbani."

Ruo-lan alisimama.

"Si yeye. Ni mimi."

"Kaa chini," Mwalimu alisema. "Huu si wakati wa kumtetea rafiki."

"Si rafiki yangu, Mwalimu. Ni mimi niliyefanya."

Alikwenda kwenye kompyuta bila kungoja ruhusa. Dirisha jeusi lilikuwa bado linasomeka, kwa kuwa amri huandikwa kwa herufi za Kilatini. Alifungua kumbukumbu, akasogea kando. Mwalimu akasoma: jana, saa sita na dakika kumi na tisa, ruolan. Chini yake, majina sitini na matatu.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu nilipoviona visanduku."

"Na ukakaa unatazama."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kumbe mwizi ni—" Yen-ting alianza.

"Wewe nyamaza!" Mwalimu alimgeukia Ruo-lan. "Utalia baadaye. Keti, urudishe."

Ruo-lan aliketi. Safari hii alisoma majina yote, moja moja, kwa sauti, mpaka akayapata yale mawili. Aliandika amri ya kuyaingiza upya. Kwa mvua ile mtandao ulikuwa ukitambaa, na dakika arobaini zilipita huku darasa zima likitazama kioo. Kisha alifungua kitabu tena. Herufi zilikuwa zimesimama mahali pake, hakuna hata moja iliyopotea. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Mwalimu Chiu alikituma kitabu, akavuta kiti, akakaa.

"Nisikilizeni nyote. Kusema ndiyo kabla ya kusoma ni kosa, lakini ni kosa linalotengenezeka. Mmeona, dakika arobaini tu. Kunyamaza mwenzako akihukumiwa kwa ajili yako ni kosa jingine, na hilo hakuna amri ya kulirudisha nyuma. Ukikosea, sema siku ileile, kabla bibi wa mtu hajapanda mlima kwenye mvua." Akamgeukia bibi. "Na mimi pia nilimhukumu mtoto bila kusoma chochote. Bibi, mimi ndiye ninayetakiwa kukuinamia."

Akasimama, akainama.

Ruo-lan alimkabili Bo-kai. "Nisamehe."

"Leo usiniombe," Bo-kai alisema. Alikuwa ameshika mkono wa bibi yake. "Labda siku nyingine."

Ruo-lan aliitikia kwa kichwa. Alikwenda ubaoni, akafuta jina lake kwa kiganja, akaandika la Bo-kai kwa herufi kubwa. Kisha akamgeukia Mwalimu na kumwambia kwamba kuanzia siku hiyo kompyuta itunzwe na mtu mwingine. Akaandika nywila kwenye kipande cha karatasi, akamkabidhi.