Kisiki Alichokalia Zabibu

Mimi ni Kabula, wa hapa Puge. Mume wangu Ngassa ni mtu mwema, lakini kwa ubishi hana mpinzani.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Ng'ombe wetu wa maziwa, Mwekundu, alibaki mbavu tupu. Kila asubuhi nilikamua kikombe kimoja. Watoto wanne, kikombe kimoja! Niliumia sana.

Ngitili yetu haikuwa na nyasi. Hayo ni malisho tunayoyafunga masika ili yatufae kiangazi. Miti yake tulikuwa tumeikata yote kwa mkaa. Vilibaki visiki tu.

"Nang'oa visiki nilime pamba," alisema Ngassa. "Ardhi hii imekufa."

Alipoinua sururu, jirani yetu Zabibu alikuja mbio, akakikalia kisiki. Zabibu amefundishwa kutunza miti.

"Shemeji, ning'oe na mimi!"

"Makubwa! Hebu toka, shemeji."

Zabibu hakutoka. Alikwangua gome kwa kisu. Ndani palikuwa pabichi.

"Unaona? Kingali hai. Mizizi yake inashika udongo. Ukiking'oa, mvua itauzoa udongo wote. Nyasi hazitaota. Hapo hata ukileta miche elfu, haitashika. Ardhi huvumilia, lakini ina mwisho wake. Ukiupita, hairudi."

"Sasa tufanyeje?" niliuliza.

"Kila kisiki kitachipua. Acheni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine kateni. Yafungeni kitambaa yaonekane. Ng'ombe wasiingie, wala moto."

"Na Mwekundu atakula nini?" alibisha Ngassa.

"Mleteni kwangu. Nina mabua ya mahindi."

Mabua yale Zabibu angeweza kuyauza. Ngassa akaitupa sururu. "Haya, nimeshindwa," alisema. Jamani, nilitamani kupiga vigelegele!

Masika matatu yamepita. Machipukizi yamenizidi kimo. Nyasi zimerudi zenyewe. Mwekundu amezaa, na watoto wanakunywa maziwa mpaka wanasaza. Kila asubuhi Ngassa mwenyewe humpelekea Zabibu chupa ya kwanza. Ahsante yetu haitaisha.

Juzi Zabibu alikuja ngitilini. Alitafuta kisiki chake akae. Hakukiona, kimefunikwa na matawi.

"Nikae wapi sasa?" aliuliza.

Ngassa, yule mbishi wangu, alikimbia nyumbani kumletea kigoda.