Bati la Keki ya Karanga

Mukashyaka alikuwa mama wa maneno machache. Lakini siku ile ya mwaka 1955, wakwe walipokuja kupanga arusi, maneno yalimponyoka.

Yeye na mumewe Nzabonimpa waliishi Goma, katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Kila asubuhi alishuka ziwani kuchota maji. Goma haina visima. Nani angeweza kuyachimba mawe yale? Nzabonimpa alifanya kazi katika shamba la kahawa, njia ya kwenda Sake. Mara nyingine alirudi na pipa tupu la bati begani, na siku hiyo nyumba nzima ilifurahi. Pipa lilikuwa mali. Lilikinga maji ya mvua. Likipasuliwa, liligeuka mlango au paa la jiko. Mtu mwenye mapipa matatu alitembea kifua mbele, na Nzabonimpa alikuwa na manne.

Binti yao Nyirarukundo alikuwa anaolewa na Julien wa kijiji cha Munigi. Baba yake Julien, mzee Twagirayezu, alikuwa mfugaji mwenye heshima na mwenye kutazama kila kitu mara mbili. Alikuwa ameketi na kibuyu chake cha pombe ya mtama pale Mukashyaka aliposema:

"Siku ya arusi, muzee, pombe itakuwa. Na tena tutawapa watu wote keki ya kalanga."

"Watu wote?" mzee akauliza. "Sisi peke yetu tutafika watu mia."

"Hata mia na makumi mawili," akajibu Mukashyaka.

Ulimi hauna mfupa. Wageni walipoondoka, Nzabonimpa alimtazama mkewe akiwa ameduwaa.

"Keki ya watu mia na makumi mawili umeiona wapi?"

"Sijaiona," akasema Mukashyaka. Keki pekee aliyowahi kuoka ilikuwa ya watu wanane, na hata hiyo aliioka huku mwalimu amesimama nyuma yake.

Mwalimu huyo aliitwa Thérèse. Alizaliwa Butembo, na huko Goma alifundisha akina mama kushona, kupika na kutunza watoto. Kesho yake Mukashyaka alikwenda kwake na kumweleza ahadi aliyoitoa. Thérèse alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mama, umejifunga kamba mwenyewe. Sasa ngoja nikufungue. Ungeipika ndani ya nini?"

"Ndani ya chungu ile kubwa ya maharagi."

"Itaungua inje, na katikati ibaki uji. Keki ya watu mingi iko pana, haiko nene. Unga ukae vidole mbili tu ndani ya bati pana, kama sinia yenye kingo. Hapo moto unafika kila pahali. Ukimaliza, unaikata vipande vya mraba, kila mutu na chake."

Kisha akamwambia habari za karanga. Azichague kwanza. Zile zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizogeuka rangi, azitupe. Azikaange kwa moto mdogo, azipepete maganda, azitwange mpaka zitoe mafuta yake na kuwa laini. Nusu aichanganye na unga, mayai, sukari, maziwa na hamira ya keki. Nusu aipashe moto pamoja na maziwa na sukari, halafu aimwage juu ya keki ikiwa bado ya moto.

"Na bati pana nitaitoa wapi?"

"Nipe siku chache, nitakutafutia," akasema Thérèse.

Lakini mama anayeoza binti hana siku chache. Jioni ile ile Mukashyaka alimweleza mumewe, na Nzabonimpa akainuka kwa furaha. Kumbe jibu lilikuwa uani kwao. Alichukua pipa lililokuja wiki ile, akalipasua, akalinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, akakunja kingo. Akajisifu mwenyewe kwa ufundi wake.

Ubavuni mwa pipa palikuwa na picha nyekundu ya fuvu la mtu na mifupa miwili. Mukashyaka aliigusa kwa kidole.

"Na hii?"

"Nyampara wa shamba alisema iko ya kutisha wezi," akajibu Nzabonimpa. "Mule mulikuwa dawa ya wadudu wa kahawa. Sasa haimo."

Mukashyaka alilisugua bati kwa majivu na mchanga mweusi mara tatu. Picha ikatoka. Bati likang'aa hata akaona meno yake ndani yake. Ni nani angesema halikuwa safi?

Siku ya Alhamisi, siku tisa kabla ya arusi, alioka keki ya kwanza ili wakwe waione. Alipasha bati moto kidogo, akamimina mafuta ya karanga, akayasambaza kwa jani la ndizi. Alipitisha jani pembe zote na kila mkunjo, kama alivyofundishwa. Jani akalitupa uani. Akamwaga mchanganyiko wa unga, akaingiza bati katika tanuri la mawe nyuma ya nyumba.

Harufu yake iliwatoa majirani ndani. Keki ilitoka imeumuka, rangi ya udongo mwekundu. Mukashyaka alimwaga juu yake karanga tamu za moto, zikashuka taratibu mpaka kingoni. Alitamani kuonja, lakini zawadi ya wakwe haimegwi nyumbani. Nzabonimpa aliifunika kwa kitambaa cheupe, bati na keki pamoja, akaondoka kwa miguu kwenda Munigi.

Mukashyaka aliketi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alikuwa na furaha kubwa. Akasikia kuku akipiga mabawa.

Kuku alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda, mate yanamtoka mdomoni. Wa pili alizunguka kama mlevi, akaanguka. Wa tatu alikuwa amekwisha kufa karibu na jani la ndizi. Ugonjwa gani huu unaochukua kuku watatu kwa saa moja?

Wakati huo Thérèse aliingia akisukuma baiskeli yake. Nyuma amefunga bidoni mbili, madebe makubwa ya bati.

"Mama, nimekupatia bati. Hizi zilikuwa za mawese." Akawaona kuku. Sura yake ikabadilika. "Wamekula nini?"

"Hakuna kitu. Wamedonoa jani lile tu."

"Jani ile ilifanya kazi gani?"

"Nilipaka nayo bati mafuta. Bati ya pipa ya bwana yangu, Papa Nyirarukundo."

"Pipa ya wapi?"

"Ya ku shamba. Ilikuwa ya dawa ya wadudu." Sauti ya Mukashyaka ikapungua. "Ilikuwa na picha ya kichwa cha mutu, na mifupa."

Thérèse aliachia baiskeli, ikaanguka chini na bidoni zake.

"Ile picha haiko ya wezi wala ya mapambo. Inasema kuna sumu ya kuua mutu."

"Lakini nilisugua. Mara tatu."

"Hii sumu haionekani, mama. Inajificha ndani ya mikunjo na kutu. Maji na majivu haviiondoi. Mafuta na moto ndivyo vinaivuta, ikaingia ndani ya chakula. Keki iko wapi? Nani amekula?"

Mukashyaka alionyesha kwa kidole upande wa Munigi. Keki ilikuwa njiani. Na aliijua desturi ya kwao: anayeleta chakula au pombe kwa watu huonja yeye kwanza mbele yao, ili wajue hakuna ubaya ndani. Kwa mzee Twagirayezu desturi hiyo haikurukwa hata siku moja.

"Bwana yangu ataonja wa kwanza," akasema.

Thérèse alitupa bidoni pembeni, akainua baiskeli. "Panda nyuma."

Mukashyaka hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alipanda. Watu wa barabara ya Munigi walisimama kutazama akina mama wawili juu ya baiskeli moja, vitambaa vya kichwa vikipepea, na mmoja akasema dunia imekwisha. Penye mawe makali gurudumu lilipasuka. Wakaitupa baiskeli kando, wakakimbia.

Uani kwa Twagirayezu watu walikuwa wameketi duara. Nzabonimpa alisimama katikati. Alikwisha kutoa maneno ya salamu, amekata kipande cha mraba, amekishika kwa mikono miwili. Alitabasamu. Alikuwa anakipeleka mdomoni.

Mukashyaka alipita katikati ya wakwe bila salamu, akampiga mumewe mkononi. Kipande kikaruka kikaanguka vumbini.

Mke kumpiga mumewe mbele ya wakwe! Nzabonimpa alimkodolea macho kama mtu asiyemjua.

"Mama, umepatwa na nini?" akauliza mzee Twagirayezu.

Mukashyaka alikuwa anahema. Uongo ulimjia upesi. Angeweza kusema ameweka chumvi badala ya sukari. Watu wangecheka na arusi ingepona.

"Imeharibika, muzee," akaanza. "Haina utamu."

"Chakula cha wakwe hakitupwi," akasema mzee. Akainama, akaokota kipande, akakipuliza vumbi. "Hata bila utamu tutakila."

Katika nchi ile, neno moja halitamkwi mbele ya wakwe. Neno hilo limevunja ndoa, limehamisha watu vijijini, limezika urafiki wa miaka. Mukashyaka aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akalitamka.

"Kuna sumu ndani, muzee. Ni mimi nimeipika."

Mzee aliachia kipande. Watu waliinuka wote kwa pamoja, viti vikaanguka. Julien alishika kichwa. Mukashyaka aliona arusi ya binti yake inakufa mbele ya macho yake.

Thérèse alisogea, akapiga magoti mbele ya mzee, akaeleza pole pole. Akasema habari za pipa, za picha nyekundu, za jani na za kuku. Akamgeukia Nzabonimpa: "Papa, umelamba hata kidole?"

"Hapana." Sauti yake haikusikika vizuri.

"Nawa mikono na sabuni, sasa hivi. Ungekuwa umemeza, tungekupeleka ku hospitali mbio, bila kungojea uumwe, na tungewaambia ni dawa gani. Mutu aliyekula sumu hatibiwi nyumbani."

Mzee Twagirayezu hakuwa anamtazama Thérèse tena. Alikuwa anatazama nyuma ya zizi. Alikwenda huko polepole na watu wote wakamfuata. Pale palikuwa na pipa la maji ya mvua. Ubavuni, fuvu jekundu liliwatazama.

"Hii ulinipa wewe, Nzabonimpa," akasema mzee. "Zawadi, mwezi uliopita. Ndama zangu zinakunywa hapa. Mbili zilikufa." Akawageukia watu. "Nilisema ni jirani yangu Nsabimana amezitilia sumu. Nilisema mbele ya watu. Tangu ile siku simusalimii."

Nzabonimpa aliketi chini palepale, juu ya mawe. Mapipa yake manne, fahari yake yote. Alikuwa amegawa kifo kwa mikono miwili, akishukuriwa.

"Hukujua," akasema Mukashyaka.

"Sikuuliza," akajibu mumewe.

Mzee akamwambia Julien alete shoka.

Walimwaga yale maji mbali na zizi na mbali na njia ya watu. Walitoboa pipa chini na ubavuni, ili asitokee mtu mwingine wa kulitamani. Keki na kuku walizikwa. Jirani mmoja aliuliza kama kuku hawawezi kuchemshwa sana, na Thérèse akamwambia kwamba moto hauui sumu ile. Mapipa ya Nzabonimpa nayo yalitobolewa, yakarudishwa shambani, hata lile lililogeuzwa bati la keki. Wala hawakuyachoma, kwa kuwa moshi wake pia ni hatari. Nyampara aliambiwa mbele ya wafanyakazi wote kwamba fuvu si la wezi. Aliona haya, na tangu siku hiyo hakuna pipa lililotoka pale likiwa zima.

Kwa keki ya arusi, Mukashyaka na Thérèse walitumia bidoni za mawese. Walizipasua katikati, wakakunja kingo, wakazichemsha kwa maji na sabuni. "Chombo cha chakula kirudi ku chakula," alisema Thérèse. "Usichojua kilibeba nini, kisiingie ndani ya jiko." Walioka mabati manne, vidole viwili kimo.

Siku ya arusi watu walifika zaidi ya mia na ishirini. Habari za kuku zilikuwa zimewatangulia. Mabati yalipoletwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Mukashyaka alikata kipande cha kwanza. Alikuwa anakiinua aonje, mzee Twagirayezu akasimama, akakichukua mkononi mwake.

"Muzee, bado sijaonja."

"Wewe ulishaonja, mama," akasema mzee. "Ile siku ulionja kitu kikali kuliko hii, mbele yetu sisi wote. Ungeweza kunyamaza."

Akakikata kipande katikati. Nusu aliitia mdomoni, akatafuna watu wote wakimtazama. Nusu nyingine aliivusha uwanja kwa miguu yake mwenyewe, mpaka pembeni alikoketi Nsabimana, aliyekuja arusini kwa sababu ya Julien tu. Mzee alimpa kwa mikono miwili, akamsalimia kwa jina, akamwomba msamaha. Nsabimana akala. Ndipo watu wakaja na sahani zao.